Kusoma Maandiko kwa Macho na Mkono: Kwaresima na Pasaka mkoani Katavi

Kusoma Maandiko kwa njia ya picha ni kazi yenye sehemu mbili. Ya kwanza ni kutazama: kikundi kinasoma kifungu cha Biblia, kisha kinakaa kimya mbele ya picha moja inayohusu kifungu hicho, muda wa kutosha kuona yale ambayo jicho lenye haraka huyapita. Ya pili ni kuchora: kila mtu anachukua penseli, mkaa au rangi ya udongo na kuweka kwenye karatasi kile alichokisikia. Si mashindano ya uchoraji, wala si pambo la kanisa. Ni njia ya kumpunguzia msomaji mwendo. Muumini aliyekwisha kusikia habari za mwana mpotevu mara thelathini hudhani anaijua yote. Akiambiwa achore miguu ya baba yule, analazimika kurudi kwenye ukurasa, na hapo anagundua kwamba mzee alikuwa anakimbia.

Kwaresima ina siku 40, na kipindi cha Pasaka kina siku 50 hadi Pentekoste. Kwa kuwa Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, mkoani Katavi Kwaresima yote hupita ndani ya masika. Barabara za vijijini zina matope, mahindi yanapaliliwa, karatasi zinanyonya unyevu, na ghala nyingi zimepungua kwa sababu mavuno bado. Ushauri unaofuata umezingatia hali hiyo, na unawafaa wanajumuiya na makatekista wa Jimbo Katoliki la Mpanda sawasawa na walimu wa shule ya Jumapili wa Kimoravian, wa Kianglikana na wa Kilutheri.

Mashaka yanayotangulia

Swali la kwanza karibu kila mahali ni lile la amri. Je, Kutoka 20 haikatazi sanamu? Inakataza, na jibu la haraka haraka halitoshi. Sura tano mbele, katika kitabu hichohicho, Musa anaagizwa kutengeneza makerubi wa dhahabu juu ya sanduku la agano. Katika Hesabu 21 anaagizwa kutengeneza nyoka wa shaba, na Yohana 3 inamtaja nyoka huyo kama mfano wa Kristo kuinuliwa msalabani. Kisha 2 Wafalme 18:4 inaeleza kwamba mfalme Hezekia alimvunja nyoka yuleyule, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Kitu kilikuwa kimoja. Kilichobadilika ni namna watu walivyokitumia. Hicho ndicho kipimo cha kuaminika: picha inayomrudisha mtu kwenye Neno ibaki, na picha inayoanza kuheshimiwa kwa nafsi yake iondolewe. Hata Martin Luther, aliporejea Wittenberg mwaka 1522, alihubiri kuzuia fujo za watu waliokuwa wakivunja picha makanisani.

Pale ambapo mchungaji au wazee wa kanisa hawakubali picha, hakuna sababu ya kuvutana. Kikundi kinaweza kutumia vitu badala ya michoro: beseni na taulo kwa Alhamisi Kuu, tawi la miiba kwa Ijumaa Kuu, kitambaa kilichokunjwa kwa asubuhi ya Pasaka. Utazamaji wake ni uleule.

Mashaka mengine hujibika kwa ufupi zaidi:

- Wasiojua kuchora. Hawa ndio wengi, na ndio kazi hii inaowafaa zaidi. Duara la kichwa na mistari ya mikono vinatosha. Mzee asiyeona vizuri anaweza kueleza, na mjukuu akachora anachoelezwa.
- Uhaba wa fedha. Vifaa vingi viko jikoni na kwenye kichuguu nyuma ya nyumba; vinaelezwa hapa chini.
- Madai kwamba picha ni za watoto. Shaka hili linastahili mfano. Kati ya mwaka 1512 na 1516, Matthias Grünewald alichora picha za altare kwa ajili ya monasteri ya Isenheim, Ufaransa, ambako watawa waliwauguza watu wenye ugonjwa uliokuwa ukiwaunguza ngozi na viungo. Kristo aliyemchora msalabani ana ngozi iliyojaa vidonda. Mgonjwa aliyeletwa mbele ya altare ile alimwona Bwana akiwa na mwili kama wake. Picha hiyo haikuwa ya kitoto hata kidogo.

Mfano wa Murang'a

Afrika Mashariki ina mfano mzuri ambao kila kiongozi wa kikundi anaweza kufaidika nao. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932 na kusoma uchoraji Makerere, alichora picha tano kubwa ukutani katika kanisa la kumbukumbu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Picha zinaonyesha kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, uchungu wa Gethsemane na kusulubiwa. Watu wake ni Waafrika, na nchi wanamotembea ni nchi ya Murang'a yenyewe, pamoja na vilima na mimea yake.

Mambo mawili ya kujifunza yako hapo. Kwanza, Njau hakubadilisha kisa hata kimoja, alibadilisha mahali. Pili, alichagua mahali ambapo watazamaji walikuwa wamefiwa kweli. Bustani ya Gethsemane ilisimama katika ardhi ambayo waliotazama waliijua kwa machozi. Njau alijulikana pia kwa kupinga tabia ya wachoraji kunakili kazi za wengine, na nyumba ya sanaa aliyoianzisha Nairobi mwaka 1965, Paa ya Paa, iliishika imani hiyo.

Karibu zaidi na Katavi, ambako familia nyingi za Kisukuma zimehamia na mifugo yao, liko kanisa la Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement alilipa sura na alama za Kisukuma. Anayepita Mwanza kwa shughuli nyingine atakuwa amefanya vema kutenga asubuhi moja kulitazama.

Kwa Katavi maana yake ni hii: mchoraji asianze kwa kuwaza nchi ya mbali. Jangwa la majaribu linaweza kuwa mbuga wakati wa kiangazi, nyasi zimeungua na mto umebaki matope ya viboko. Bahari ya Galilaya inaweza kuwa Ziwa Tanganyika. Karema, kijiji cha ziwani ambako Wamisionari wa Afrika waliingia mwaka 1885 katika boma lililojengwa na Wabelgiji, kina mitumbwi, nyavu na moto wa ufukweni vinavyotosha kwa sura nzima ya Yohana 21.

Vifaa

Kikundi cha watu kumi na wawili kinahitaji Biblia mbili au tatu, penseli, kaunta buku moja kwa kila mtu anayemudu, na karatasi za manila kwa kazi ya pamoja. Picha ya kutazama inaweza kuchapishwa steshenari mjini Mpanda, ukubwa wa A3 kama inawezekana. Simu moja ikizungushwa mkono kwa mkono haifai: kila mtu huona peke yake, kioo huzima, na ujumbe huingia katikati ya sala.

Mkaa wa kuchorea. Mkaa wa jikoni hutoka kwenye miti migumu, nao hukwaruza karatasi. Ulio laini hutengenezwa hivi:

1. Vijiti vya mti mlaini, unene wa kidole kidogo, vimenywe maganda na kukaushwa kabisa.
2. Vipangwe wima ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, vibanane.
3. Mfuniko utobolewe tundu moja dogo la kutolea moshi.
4. Kopo liwekwe katikati ya moto kwa muda wa kama saa moja, hadi moshi uache kutoka tundu lile.
5. Liachwe lipoe lenyewe. Likifunguliwa lingali la moto, hewa huingia na vijiti vyote huwaka na kuwa majivu.

Rangi za udongo. Udongo mwekundu, wa njano, wa kijivu na mweusi hupatikana kwa kutembea kilomita chache tu. Ukaushwe, utwangwe, uchekechwe kwa kitambaa cha kanga kuukuu, kisha uchanganywe na kiini cha yai au gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji hadi uwe kama uji. Nyeupe hutokana na chaki ya ubaoni iliyosagwa, kijivu hutokana na majivu. Rangi ya yai itumike siku hiyohiyo, maana hunuka kesho yake.

Tahadhari kuhusu udongo. Hapa pasiwe na mzaha. Mji wa Mpanda ulikua kwa sababu ya madini ya risasi, na reli ya tawi kutoka Kaliua ililetwa karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi huo. Leo wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki. Risasi na zebaki ni sumu, na huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Kwa hiyo:

- Udongo usichukuliwe kamwe kwenye mabaki ya machimbo, karibu na karasha (mashine ya kuvunjia mawe) wala kwenye mabwawa ya kuoshea dhahabu, hata kama rangi yake inapendeza.
- Chokaa mbichi isitumiwe na watoto. Huunguza macho.
- Baada ya kazi, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Gundi ya kubandikia ni uji mzito wa unga wa muhogo, lakini katika masika uji huo huota ukungu na huita mende, hivyo picha zilizobandikwa kwa njia hiyo zisiegemezwe ukutani kwa majuma mengi. Nta ya nyuki, ambayo wafugaji wa Inyonga wanaijua vizuri, hufaa kupakwa juu ya picha iliyochorwa kwa penseli ya mafuta, na hufaa zaidi kwa pambo la mshumaa wa Pasaka wa nyumbani.

Kikao kimoja, hatua kwa hatua

Saa moja na nusu inatosha. Jioni ya Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba au alasiri ya Jumapili hufaa. Saa za palizi hazifai, na kiongozi anayewaita watu saa hizo atabaki na watoto peke yao.

1. Andiko kwanza. Kifungu kisomwe kwa sauti mara mbili, na wasomaji wawili tofauti. Picha iwe imefunikwa. Agizo hili lisivunjwe, kwa sababu picha ikionekana kabla, watu husikia picha badala ya Neno.
2. Kimya, dakika mbili.
3. Picha ifunuliwe. Dakika tano za kutazama bila mtu kusema. Dakika ya tatu huwa ngumu. Watu huanza kutikisika na kukohoa. Kiongozi asiwaokoe. Baada ya hapo ndipo jicho huanza kuona.
4. Kila mtu aseme kitu kimoja anachokiona. Anachokiona, si anachokifikiri. "Mkono mmoja umefungwa" ni jibu. "Inatufundisha unyenyekevu" bado si jibu.
5. Andiko lisomwe mara ya tatu. Kikundi kitafute nini kipo kwenye kifungu na hakipo kwenye picha, na nini mchoraji ameongeza kwa hiari yake.
6. Kuchora, dakika ishirini hadi thelathini. Kila mtu achague sehemu moja ndogo: mkono, jiwe, mtungi, mlango.
7. Wanaopenda waonyeshe. Asiyetaka aachwe.
8. Sala fupi itokane na yale yaliyoonekana.

Hatua ya nne ndiyo huharibika mara nyingi. Makatekista na wainjilisti wamezoea kufundisha, na mtu akitaja tu kidole cha Tomaso, mahubiri huanza. Kiongozi mzuri wa kikao hiki huongea kidogo kuliko wote. Akihitaji kusaidia, aulize: nuru inatoka wapi? Nani anamtazama nani? Nani hatazamwi na mtu?

Vifungu vinavyostahili kukaliwa

Makanisa yanayofuata kalenda ya masomo hupata katika Mwaka A mfululizo mzuri sana wa Injili: majaribu jangwani, kung'ara kwa Yesu, mwanamke Msamaria, kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro. Vikundi vya wakatekumeni vinaweza kusoma Injili za Jumapili ya tatu hadi ya tano za mfululizo huo mwaka wowote.

Majaribu (Mathayo 4). Mawe na mikate vichorwe pamoja kwenye karatasi moja hadi iwe vigumu kuvitofautisha. Februari, ghala ikiwa nusu, jaribu la mkate halihitaji maelezo.

Mwanamke Msamaria (Yohana 4). Huyu apewe kikao kizima. Injili inasema ilikuwa yapata saa sita, na msomaji wa Kiswahili ana bahati: anahesabu saa kama Injili inavyohesabu, tangu jua linapochomoza. Saa sita ni jua la utosini. Mpanda iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na siku za mwanzo za Machi jua hupita juu kabisa ya mji, kama saa saba kwa saa ya ukutani. Kikundi kitoke nje wakati huo, kisimamishe ndoo na kutazama kivuli chake. Hakipo, au kimejificha chini ya ndoo. Sasa mwanamke yule achorwe pamoja na kivuli chake. Kila mwanamke wa kijijini anajua maji huchotwa alfajiri na jioni, wakati wa ubaridi na wa mazungumzo. Kwa nini huyu alikuja peke yake saa ya jua kali? Yohana hasemi, na mchoro hauna haki ya kusema kwa niaba yake. Lakini unaweza kuonyesha njia iliyo tupu. Kitu cha mwisho cha kuchora ni mtungi aliouacha kisimani katika mstari wa 28. Mtu aliyetembea kote huko kwa ajili ya maji ameondoka bila maji.

Kipofu (Yohana 9). Achorwe kwa tope tupu, kwa vidole. Yesu mwenyewe alitumia udongo.

Mwana mpotevu (Luka 15), Mwaka C. Picha ya kutazama ni ile ya Rembrandt iliyoko St Petersburg, ambayo aliichora karibu na kufa kwake mwaka 1669. Kikundi kitazame mikono miwili ya baba, kisha nyayo za mwana. Kaka mkubwa asisahaulike. Luka amemwachia nafasi kubwa.

Alhamisi Kuu (Yohana 13). Katika masika miguu ya watu wa Katavi ina matope halisi. Kila mtu achore miguu yake mwenyewe kama ilivyo kabla ya kuoshwa.

Moto wa makaa. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita, na mkaa ndicho kifaa chake. Katika Yohana 18:18 Petro anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na hapo anamkana Yesu mara tatu. Katika Yohana 21:9, baada ya ufufuko, wanafunzi wanafika ufukweni na kukuta moto wa makaa, samaki na mkate. Hapo Petro anaulizwa mara tatu kama anampenda Yesu. Neno la Kigiriki la moto huo halionekani mahali pengine katika Agano Jipya ila sehemu hizo mbili. Zoezi ni hili: Ijumaa Kuu kila mtu achore moto wa kwanza kwa mkaa, nusu ya kushoto ya karatasi, na nusu ya kulia iachwe tupu. Karatasi itunzwe. Katika juma la Pasaka achore moto wa pili upande wa kulia, kwa mkaa uleule. Wavuvi wa Karema na Ikola, waliowahi kurudi alfajiri na wavu mtupu baada ya usiku mzima wa taa, wataongeza mambo ambayo vitabu vya ufafanuzi haviyajui.

Asubuhi ya Pasaka. Wamoravian wana desturi ya kukusanyika makaburini kabla ya jua kuchomoza, desturi iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Rangi za anga dakika ishirini kabla ya jua zinaweza kuandikwa kwa majina pale pale, zikachorwa baadaye nyumbani. Kaburi lenyewe ni gumu kuchora, kwa sababu habari yake ni kutokuwepo. Inafaa kuchora leso iliyokunjwa kando, Yohana 20:7, na kuishia hapo.

Njia ya Msalaba ya kigango

Vigango vingi havina picha za vituo 14, au vina misalaba mitupu. Kutengeneza seti moja ndani ya Kwaresima kunawezekana: kila jumuiya au familia ipewe kituo kimoja, na kazi ikamilike kabla ya Jumapili ya Matawi.

Idadi ya vituo 14 ilithibitishwa na Papa Klementi wa 12 mwaka 1731. Baadhi ya vituo, kama kuanguka mara tatu na Veronika, havimo katika Injili. Hutokana na mapokeo. Kikundi chenye madhehebu mchanganyiko kinaweza kutumia mpangilio ambao Papa Yohane Paulo wa Pili aliuongoza Roma mwaka 1991, ambao vituo vyake vyote 14 vimetoka kwenye Maandiko, kuanzia Gethsemane hadi kaburini.

Kabla ya mtu yeyote kugusa rangi, kikundi kikubaliane:

- ukubwa mmoja wa karatasi au wa maboksi yaliyokatwa;
- rangi moja ya vazi la Yesu katika picha zote, ili mtoto amtambue toka kituo hadi kituo;
- upande anaoelekea akitembea, uwe uleule;
- nani atasimamia andiko la kila kituo na kuhakikisha mchoro haupingani nalo.

Bila makubaliano hayo hupatikana Yesu kumi na wanne.

Damu, kifo na waliofiwa

Katavi imepokea watu waliokimbia mauaji. Katumba na Mishamo zilianzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi baada ya mwaka 1972. Kila jumuiya pia ina mtu aliyezika karibuni. Picha ya mateso inaweza kufungua kidonda ambacho kikao cha saa moja na nusu hakiwezi kukifunga.

Kiongozi aseme mapema kifungu na picha ya juma lijalo. Anayeona hawezi aruhusiwe kukaa nje bila kuulizwa sababu. Wenye umri chini ya miaka kumi wasionyeshwe picha za kusulubiwa zenye damu nyingi. Wachore msalaba, mti, au wanawake waliosimama mbali. Mtu akilia, kazi isimame, mtu mmoja anayemfahamu aketi naye, na karatasi yake isionyeshwe kwa wengine. Mchoro wa aliyefiwa ni mali yake.

Makosa ya kawaida

- Picha nyingi kwa kikao kimoja. Moja inatosha. Mbili zinaruhusiwa ikiwa kazi ni kulinganisha.
- Kunakili picha ya kalenda. Mkono hujifunza mistari ya kalenda, na kifungu hakisomwi.
- Kutoa zawadi kwa mchoro bora. Kuanzia siku hiyo wasiojua kuchora hawatarudi.
- Kufuta sana. Inafaa vifutio vikusanywe mwanzoni. Mstari uliokosewa ubaki, na mwingine uwekwe kando yake.
- Kupiga picha michoro na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp bila ruhusa ya wenyewe.
- Kuacha Jumapili ya Pasaka. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Vikundi huchora mateso kwa majuma sita, kisha mioyo hupumzika, na ufufuko haupati hata karatasi moja. Angalau vikao vitatu vitengwe baada ya Pasaka: Emau, Tomaso, na ufukwe wa Yohana 21.

Kutunza kazi

Michoro ya mkaa huchafuka kwa kuguswa. Kila mmoja utenganishwe na karatasi safi. Yote iwekwe kwenye sanduku la bati lenye mfuniko, juu ya meza au rafu, mbali na ukuta wa udongo na sakafu, kwa sababu mchwa hufika kabla ya Pentekoste. Jua likitoka baada ya siku nyingi za mvua, sanduku lifunguliwe kivulini kwa saa chache. Isianikwe juani, karatasi hujikunja na rangi ya yai hupasuka.

Matawi ya Jumapili ya Matawi yahifadhiwe pia, kwani majivu ya mwaka unaofuata hutokana nayo. Vijiti vya mkaa vikatwe mwezi wa Agosti au Septemba, wakati miti ni mikavu na kopo halisumbuliwi na mvua. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, na Pasaka ni tarehe 28 Machi.